Dini Moja, Marufuku Mbili

Mwaka wa 1948 serikali ya mkoloni ilipiga marufuku Dini ya Msambwa. Mwaka wa 1968 serikali ya Jomo Kenyatta ikapiga marufuku Dini ya Msambwa. Ukisoma haraka utadhani mhariri amelala sentensi ikajirudia. Hajalala. Ni dini ileile, kiongozi yuleyule, Elijah Masinde, na wafuasi ni watu wa huku kwetu Kimilili, Kamukuywa hadi Kitale. Kilichobadilika hapo katikati ni bendera.

Shuleni tulimsoma Masinde kama jibu la mtihani. Alipinga ukoloni, alama mbili, songa mbele. Hiyo ya 1968 nilikuja kukutana nayo baadaye, nikiwa nimeshaacha chuo na sina mwalimu wa kuniambia nisome nini. Tangu hapo imekataa kunitoka.

Kabla aitwe nabii, Masinde alikuwa mchezaji mpira. Mwaka wa 1930 aliichezea Kenya dhidi ya Uganda kwenye Kombe la Gossage, na nikiwasimulia mabeshte wangu hadithi hii, hapo ndipo wanaanza kusikiza. Baadaye alifanya kazi ya kupeleka samansi za mahakama ya wenyeji huko Kimilili. Yaani karatasi za serikali zilipitia mkononi mwake, na alijua jinsi mtu anavyotetemeka akizipokea. Alikuwa muumini wa kanisa la Friends pia, mpaka alipooa mke wa pili wakamtenga.

Sasa, ili uelewe kwa nini serikali ilimwogopa, simama hapa Kamukuywa, kando ya barabara ya kutoka Webuye. Panda matatu ya Kitale na baada ya muda si mrefu uko Trans Nzoia, mahindi mpaka macho yachoke. Leo unafikiria nauli tu. Enzi za mkoloni upande wa Kimilili ulikuwa rizavu ya Waafrika, na Trans Nzoia ilikuwa mashamba ya walowezi. Mwanamume Mwafrika alitembea na kipande shingoni kama ng'ombe mwenye kengele. Aliyeishi shambani kwa mzungu, yaani skwota, sheria ya 1918 ilimtaka afanye kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Ya 1937 ikaenda mbali zaidi: mabaraza ya walowezi yakapewa uwezo wa kuongeza hizo siku na kupunguza mifugo ya skwota. Jirani yako anaamua uwe na ng'ombe wangapi, na hukumpigia kura.

Vita Vikuu vya Pili vilipokuja, kuanzia 1942 serikali ikaruhusu watu walazimishwe kufanya kazi hata kwenye mashamba hayo ya walowezi. Mwaka wa 1944 Masinde alikataa. Si ati alitoroka. Alikataa waziwazi na kuwaambia wengine wakatae, akafungwa. Halafu mwaka wa 1945 wakampeleka Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili, Nairobi.

Hapo Mathari ndipo mimi hukaa sana nikifikiria hii historia. Mtu akishtakiwa, hata mbele ya hakimu wa mkoloni, lazima kuwe na shtaka, na shtaka linaweza kujibiwa. Ukishaitwa mwendawazimu, kila jibu lako linakuwa dalili. Ukisema ardhi hii ni yetu, hiyo ni dalili. Ukisema mababu wana nguvu kuliko Gavana, dalili nyingine, kubwa zaidi. Sijui kama kuna njia rahisi kuliko hiyo ya kuepuka kumjibu mtu. Alikaa huko hadi 1947.

Alipotoka, hakupona, kama unaelewa ninachomaanisha. Septemba mwaka huohuo alikusanya maelfu ya watu Chetambe, kilima kilicho karibu na Webuye, kuwakumbuka Wabukusu waliouawa pale na majeshi ya Waingereza mwaka wa 1895. Matanga ya watu waliokufa miaka 52 nyuma! Wakuu wa wilaya waliona siasa, na kusema kweli hawakukosea. Februari 1948 umati ulielekea kituo cha polisi cha Malakisi, polisi wakafyatua risasi, watu 11 wakafa. Siku chache baadaye dini ikapigwa marufuku, Masinde akasakwa, akapelekwa kuishi Lamu, upande wa pili kabisa wa nchi. Alikaa kizuizini zaidi ya miaka kumi.

Wafuasi wa Msambwa hawakuwa malaika. Walilaumiwa kwa kuchoma makanisa, shule na mali ya walowezi, na baadhi ya visa hivyo si vya kusingiziwa. Lakini kuchoma nyumba kulikuwa na sheria yake tayari. Ukimshika aliyewasha kiberiti, unampeleka kortini. Marufuku ni kitu kingine: inamfanya mhalifu hata yule mama ambaye kosa lake ni kusali akitazama Mlima Elgon.

Uhuru ukaja. Mwaka wa 1964 dini ikasajiliwa, na ungetarajia hadithi iishie hapo kwa ngoma na busaa. Shida ni kwamba Masinde hakubadilisha mahubiri. Aliendelea kuuliza kuhusu ardhi na kuikosoa serikali mpya kwa mdomo uleule. Mwaka wa 1968 ikawa marufuku tena, na yeye akaendelea kuingia na kutoka jela. Sheria ya Vyama ilimruhusu waziri kutangaza chama chochote kuwa hatari kwa utawala mwema wa nchi. Kumzuilia mtu bila kesi nako kulirudi mwaka wa 1966 kupitia kanuni za usalama wa umma, na 1969 Oginga Odinga akaonja.

Kuka mmoja jirani yetu aliwahi kuniambia kwamba miaka ya sabini walikuwa wakisali usiku, na mtoto mmoja anawekwa nje aangalie kama chifu anakuja. Nikamuuliza kama miaka ya hamsini ilikuwa tofauti. Akacheka. "Chifu alikuwa mwingine."

Ninaandika haya kwa sababu mjadala umerudi. Mwaka wa 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, Rais akaunda jopokazi, nalo likapendekeza sheria mpya ya kusimamia mashirika ya dini. Wasee wengi ninaowafuata mtandaoni walishangilia, na ninaelewa hasira yao. Watoto walikufa njaa. Ila mhubiri wa kule alikuwa ameshawahi kukamatwa miaka kadhaa kabla ya 2023. Kumnyima mtoto chakula kulikuwa kosa tangu zamani. Kilichokosekana si sheria, ni mtu wa kuifuatilia.

Kwa hivyo mapendekezo kama hayo mimi huyasoma kuanzia nyuma, kwa vile vifungu vya kufuta usajili: nani anafuta, anaonyesha ushahidi kwa nani, na unapewa siku ngapi za kujibu. Kifungu cha 36 cha Katiba ya 2010 kinasema usajili hauwezi kukataliwa au kuondolewa bila sababu ya maana, na kwamba una haki ya kusikizwa kabla haujafutwa. Masinde alifariki 1987, miaka 23 kabla kifungu hicho kuandikwa.