Antivairasi ipi uweke kwenye kompyuta ya nyumbani? Anza kuangalia flashi na alichokuwekea fundi

Tunduma ni mji wa makaratasi. Lori haliendi Nakonde, wala Lusaka, wala Kongo, bila nyaraka, na nyaraka ndizo zinazolisha steshenari zetu. Mtu anaandaa ankara nyumbani, anaitia kwenye flashi, anaipeleka dukani kuprinti, anarudi nayo. Jioni mtoto anaichomeka flashi ileile ili aangalie muvi. Kesho yake folda zote zimegeuka shotikati, na kila mtu anauliza: niweke antivairasi gani?

Jibu fupi ni hili. Kama kompyuta yako inatumia Windows 10 au 11, antivairasi unayo tayari. Inaitwa Microsoft Defender, inakuja ndani ya Windows, hailipiwi na leseni yake haiishi. Kwa kompyuta ya nyumbani inatosha, mradi iwe imewashwa na iwe inasasishwa.

Kwenye huo "mradi" ndipo wengi tunapokwama.

Je, imewashwa kweli?

Nenda sehemu ya kutafuta, andika Windows Security, ufungue, kisha bonyeza Virus & threat protection. Ukiona alama ya kijani ya tiki, vizuri. Shuka chini uangalie tarehe ya mwisho ya kusasishwa. Kama ni ya miezi mitatu iliyopita, hiyo kinga ni jina tu, kwa sababu virusi vipya vinatoka kila siku.

Ukikuta maandishi kwamba mipangilio inasimamiwa na msimamizi au taasisi, na kompyuta ni yako mwenyewe ya nyumbani, shtuka. Mara nyingi maana yake ni kwamba kuna mtu, au programu, iliyoizima Defender kwa makusudi.

Halafu angalia mahali pamoja ambapo watu hawapajui. Humohumo ndani bonyeza Manage settings, shuka hadi Exclusions. Hiyo ni orodha ya vitu ambavyo Defender imeambiwa isiviguse. Kwa kompyuta ya kawaida ya nyumbani orodha hiyo huwa tupu. Laptopu yangu ya kwanza ya mtumba niliikuta diski C yote imeandikwa humo. Miezi minane nilikuwa naskani na kuambiwa hakuna kirusi, kumbe mlinzi ameambiwa asiingie ndani ya nyumba.

Kreki ndiyo mlango

Kwa nini fundi azime kinga? Kwa sababu Windows na Office za kreki haziingii Defender ikiwa macho. Anaizima, anaweka kreki, anakurudishia kompyuta "iko fresh". Si lazima awe na nia mbaya. Yeye mwenyewe mara nyingi hajui kilichomo ndani ya faili alilopakua.

Na kilichomo kinajulikana. Mwaka 2021 kampuni ya usalama ya Red Canary ya Marekani ilieleza jinsi KMSPico za bandia, ile programu maarufu ya kukreki Windows, zilivyokuwa zinaingiza Cryptbot, kirusi kinachoiba maneno ya siri yaliyohifadhiwa kwenye brauza. Kingine kinachosambaa sana kwa njia ya kreki ni STOP, wengine wanakiita Djvu. Hiki kinafunga picha na hati zako zote kwa msimbo, kinaongeza herufi za ajabu mwishoni mwa jina la kila faili, kisha kinaacha barua ya kudai dola 980, au 490 ukilipa ndani ya saa 72. Walengwa wake wakubwa ni watu wa nyumbani, si mabenki.

Kampuni ya Emsisoft ilitoa kifunguzi cha bure cha kirusi hicho mwaka 2019, lakini kinafanya kazi kwa baadhi ya matoleo tu. Ukiangukia toleo lisilofunguka, picha za harusi ndiyo basi.

Kwa hiyo kabla hujanunua antivairasi yoyote, uliza Windows uliyonayo ni halali au la. Laptopu nyingi za mtumba zilizotengenezwa kwa ajili ya maofisi zilitoka kiwandani na leseni ya Windows ndani ya ubao wake. Fundi akiweka Windows safi ya toleo lilelile kutoka tovuti ya Microsoft, mara nyingi inajitambua yenyewe, bila kreki. Mwambie ajaribu hivyo kwanza. Na kama Office ndiyo shida, LibreOffice ni ya bure na inafungua faili za Word na Excel.

Za bure na za kulipia

Avast, AVG, Avira na Bitdefender zote zina toleo la bure. Tatu za kwanza, pamoja na Norton, siku hizi ziko chini ya kampuni moja, Gen Digital. Zinafanya kazi, ila zinakusumbua na matangazo ya "nunua toleo kubwa". Na bure ina historia yake: Februari 2024 mamlaka ya biashara ya Marekani, FTC, iliitaka Avast ilipe dola milioni 16.5 kwa kuuza taarifa za tovuti ambazo watumiaji wake walikuwa wanatembelea. Antivairasi inaona kila kitu kwenye kompyuta yako, kwa hiyo ichague kama unavyomchagua mtu wa kumwachia funguo.

Smadav, ya Indonesia, imejaa kwenye kompyuta za steshenari kwa sababu inashughulikia flashi. Watengenezaji wake wenyewe wanasema ni kinga ya ziada. Usiiache peke yake.

Kaspersky bado watu wengi wanaiulizia. Marekani iliipiga marufuku mwaka 2024 kwa hofu ya usalama, kwa kuwa ni kampuni ya Urusi. Marufuku hiyo ni ya Marekani na haikuhusu wewe uliyeko Vwawa au Mlowo, lakini ni vizuri ukajua.

Ya kulipia nunua kama una sababu: una kompyuta kadhaa, unataka kuwazuia watoto tovuti fulani, au una biashara inayopokea flashi za watu kutwa nzima. Ukinunua kwa boksi au kadi, hakikisha sehemu ya namba haijakwanguliwa, na uliza kama leseni inakubali Tanzania, maana baadhi ya kampuni hufunga leseni kwa eneo. Ukilipia mtandaoni, zima ujirudiaji wa malipo. Bei ya mwaka wa kwanza mara nyingi ni ya kuvutia wateja, ya mwaka wa pili ndiyo yenyewe.

Kuchagua kati yao, usifuate tangazo. Maabara ya AV-TEST ya Ujerumani na AV-Comparatives ya Austria huzipima mara kwa mara na kuweka matokeo bure kwenye tovuti zao. Defender hupimwa humo pia, na kwa miaka ya karibuni imekuwa ikisimama bega kwa bega na za kulipia.

Kosa moja la kawaida: kuweka mbili au tatu ili "ziongezeane nguvu". Zinagombana, kompyuta yenye RAM ya GB 4 inakufa hapohapo. Moja inatosha.

Kama bado uko Windows 10 au 7

Windows 7 iliachwa na Microsoft tangu Januari 2020. Hakuna antivairasi itakayoziba mashimo yake. Windows 10 nayo muda wake uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Microsoft iliongeza mwaka mmoja wa masasisho ya usalama, hadi Oktoba 2026, kwa dola 30 au bila malipo ukiunganisha kompyuta na akaunti ya Microsoft na kuhifadhi mipangilio yako humo. Defender yenyewe itaendelea kupata taarifa za virusi kwenye Windows 10 hadi Oktoba 2028, ila hiyo ni nusu ya kinga.

Tofauti ya hizo nusu mbili ilionekana Mei 2017, kirusi cha WannaCry kilipoingia kwenye nchi zipatazo 150. Dawa ya shimo lile Microsoft ilikuwa imeitoa tangu Machi. Walioumia wengi ni wale ambao hawakuwa wamesasisha.

Najua, bando. Ukiunganisha kwa hotspoti na kuiweka kama mtandao wa kipimo, Windows inaahirisha masasisho mengi. Basi walau mara moja kwa mwezi ipeleke penye waifai ya uhakika uiache ivute. Taarifa za virusi za Defender pia zinapakuliwa kama faili moja kutoka tovuti ya Microsoft. Unaweza kuivuta kwenye kompyuta nyingine na kuileta kwa flashi.

Flashi ikirudi na shotikati

Usiiformati. Faili zako kwa kawaida zipo, zimefichwa tu. Usibonyeze shotikati hata moja, ndizo zinazokiamsha kirusi. Bonyeza flashi kwa kitufe cha kulia, iskani na Defender. Ikimaliza, fungua Command Prompt, andika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Badala ya E weka herufi ya flashi yako. Folda zitatokea tena. Nakili hati zako, acha usichokitambua. Ningewaambia hili wanafunzi wote wanaoandika ripoti za chuo, maana wapo walioformati kazi ya muhula mzima kwa hofu tu.

Na kwa steshenari, tenga flashi moja ya kuprintia peke yake, isiyo na kitu kingine. Au tuma faili kwa imeli, uprinti kutoka huko. Picha na hati muhimu ziwe na nakala kwenye diski ya nje inayochomolewa baada ya kunakili. Ikibaki imechomekwa, kirusi cha kufunga faili kitaifunga nayo.

Pale antivairasi isipofika

Ujumbe unaotokea kwenye kona ya brauza ukisema "kompyuta yako ina virusi 5" si antivairasi, ni tovuti uliyoiruhusu kukutumia taarifa. Ingia mipangilio ya brauza, futa ruhusa hiyo, usipige namba yoyote iliyoandikwa hapo.

Na kwa ndugu zetu mawakala wa forodha na wafanyabiashara wa mpakani: imeli inayosema "namba ya akaunti yetu ya benki imebadilika, lipia hii" haina kirusi ndani yake. Hakuna programu itakayopiga kelele. Kabla ya kutuma hela mpigie mteja au msambazaji kwa namba uliyokuwa nayo siku zote, si ile iliyo kwenye imeli hiyo.