Mashine ya kutoboa isiyo na waya: historia yake inapita Kolwezi mara mbili



Ukipita leo kwenye atelie ya maseremala, iwe Bukavu, Uvira, Bunia ao Kalemie, utaona mashine ya kutoboa isiyo na waya. Imefanana na bastola, betri iko chini ya mkono, na haingoji kuranti irudi. Fundi aliyekimbia vita anaipenda kwa sababu iliyo wazi: inaingia katika mfuko. Mbao, meza ya kazi na jenereta vinabaki nyuma, lakini mashine hii inaondoka na mwenyewe.

Wengi wanadhani ni chombo cha juzi, kilichotoka China pamoja na simu. Hapana. Kina zaidi ya miaka 60, na historia yake inapita katika inchi yetu mara mbili: mara ya kwanza kwa vita, mara ya pili kwa madini.

Tuanze mbali kidogo. Mashine ya kwanza ya kutoboa kwa kuranti iliandikishwa Melbourne, Australia, mwaka 1889, na Arthur James Arnot pamoja na William Blanch Brain. Miaka 6 baadaye, kule Stuttgart, Ujerumani, ndugu wa jamaa ya Fein wakatengeneza moja ya kubebwa kwa mikono. Na mwaka 1910 vijana wawili wa Baltimore, Marekani, Duncan Black na Alonzo Decker, wakafungua kiwanda kidogo. Black alikuwa ameuza motokari yake kupata sehemu ya pesa za kuanzia. Mwaka 1917 walipewa hati ya uvumbuzi kwa mashine yenye mshiko wa bastola na kitufe cha kuvutwa kwa kidole. Umbo hilo halijabadilika sana mpaka leo.

Mwaka 1961 kiwanda hicho hicho, Black & Decker, kilitoa mashine ya kutoboa isiyo na waya. Ndani yake kulikuwa na betri ya nikeli na kadimi, aina iliyovumbuliwa na Waldemar Jungner wa Sweden mwaka 1899. Nguvu yake ilikuwa ndogo sana ukiilinganisha na ile ya waya. Ilifaa kwa visi na matundu madogo.

Hapa kuna jambo ambalo watu hupenda kusimulia vibaya. Wanasema mashine hizi zilivumbuliwa na NASA kwa ajili ya kwenda mwezini. Si kweli, na NASA wenyewe wamelikanusha: betri ilikuwa imekwisha kuingia katika mashine kabla mtu yeyote hajakanyaga mwezi. Kilicho kweli ni kwamba Black & Decker waliitwa kusaidia, na mashine ya kutoboa yenye betri ilifika mwezini pamoja na Apollo 15, mwezi wa 7 mwaka 1971. David Scott alitakiwa kutoboa matundu ya karibu mita 3 ili kupima joto la ndani ya mwezi. Hakufika huko. Vyuma vya kutobolea vilikwama, kwa sababu mifereji ya kutolea vumbi ilikatika pale vipande vilipounganishwa, na vumbi likakosa njia. Na chuma cha kuchukulia mfano wa udongo, chenye urefu wa zaidi ya mita 2, kiligoma kutoka mpaka Scott na mwenzake James Irwin wakakivuta pamoja kwa nguvu. Kila fundi aliyewahi kutoboa ukuta wa mawe ya volkano anajua maumivu hayo. Kwa safari zilizofuata vyuma vilibadilishwa.

Sasa tufike Kolwezi.

Mwaka 1978 inchi iliitwa Zaire, Katanga iliitwa Shaba, na migodi mikubwa ilikuwa ya Gécamines. Karibu nusu ya kobalti yote ya dunia ilitoka hapo. Tarehe 13 mwezi wa 5, wapiganaji wa FNLC waliotoka Angola na kupitia Zambia waliushika mji wa Kolwezi. Tarehe 19 wanajeshi wa miguu wa Ufaransa wakashuka kwa miamvuli, na Wabelgiji wakafuata kesho yake. Mamia ya watu waliuawa, Wazaire na wageni. Wazee wa Lualaba walioyaona bado wanayasimulia, na si kazi yangu leo kuyarudia yote.

Ila kitu kingine kilitokea mbali na Kolwezi, katika maofisi ya wanunuzi wa madini. Waliogopa. Kobalti ilihitajiwa katika injini za ndege na katika sumaku zenye nguvu, na sasa chanzo chake kikubwa kilikuwa uwanja wa vita. Migodi ilirudi kufanya kazi bila kuchelewa sana, lakini hofu haikungoja. Bei ya wazalishaji, iliyokuwa chini ya dola 7 kwa libra mwanzoni mwa 1978, ilifika dola 25 mwaka 1979, na sokoni wengine walilipa zaidi ya hapo.

Basi viwanda vikaanza kutafuta namna ya kuishi bila kobalti. Kwa upande wa sumaku, sumaku yenye nguvu kuliko zote wakati huo ilichanganya samari na kobalti. Kule Japani, mtaalamu Masato Sagawa alikuwa tayari anajiuliza kwa nini chuma cha kawaida, ambacho kimejaa duniani, kisichukue nafasi ya kobalti. Kule Marekani, John Croat wa General Motors alitafuta jambo hilo hilo kwa njia yake. Mwaka 1983 wote wawili walionyesha sumaku mpya ya neodimi, chuma na boroni. Haina haja ya kobalti, na ina nguvu kuliko ile ya kwanza.

Sumaku hiyo ndiyo iko katika mashine nzuri za leo zinazozunguka bila vile vipande vya makaa ambavyo mafundi walizoea kubadilisha. Mota imekuwa ndogo, nyepesi, na haimalizi betri haraka. Sisemi Kolwezi peke yake ilizaa sumaku hiyo; Sagawa alikuwa na wazo lake kabla ya mapigano. Lakini hofu ya 1978 ndiyo iliyovifanya viwanda vifungue pochi. Watu wa Kolwezi walizika wafu wao na kurudi kazini, bila kujua kwamba msiba wao ulikuwa umesukuma kitu katika maabara za Japani na Detroit.

Kwa bahati tu, katika mwaka ule ule wa 1978 Makita wa Japani walitoa mashine yao ya kutoboa ya kuchajiwa, yenye volti 7.2. Namba hiyo inaonekana ya ajabu, lakini ni hesabu rahisi. Kila seli ya nikeli na kadimi inatoa volti 1.2, na ndani kulikuwa na seli 6. Ndiyo maana mashine za zamani zinaandikwa 9.6, 12, 14.4: zote zinagawanyika kwa 1.2. Ukiona betri ya namna hiyo sokoni, imeandikwa Ni-Cd, ujue kwamba Ulaya ilifunga mlango wa kuuza betri mpya za aina hiyo kwa vyombo vya mkononi mwishoni mwa mwaka 2016, kwa sababu kadimi ni sumu inayoharibu figo. Zilizobaki zinazunguka katika masoko ya vitu vya mkono wa pili. Zinafanya kazi, lakini isitupwe kisimani, na mtoto asiivunje kutafuta chuma ndani.

Mara ya pili Kolwezi iliingia kwa mlango mwingine. Mwaka 1980, pale Oxford, Uingereza, John Goodenough na wenzake waligundua kwamba mchanganyiko wa lithiamu, kobalti na oksijeni unaweza kubeba umeme mwingi katika nafasi ndogo. Mwaka 1985 Akira Yoshino wa Japani aliitumia kutengeneza betri salama zaidi, na mwaka 1991 Sony wakaanza kuiuza. Goodenough, Yoshino na Stanley Whittingham, aliyeanza njia hiyo katika miaka ya 1970, walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2019. Goodenough alikuwa na miaka 97.

Betri hizo za kwanza zilifaa kamera na simu. Mashine ya kutoboa ina njaa kubwa kuliko simu, inavuta umeme mwingi kwa mara moja, na seli zinapata joto. Ilichukua mpaka mwaka 2005 ndipo Milwaukee wa Marekani walitoa vyombo vya volti 28 vyenye lithiamu, wakitumia manganizi badala ya kobalti. Baadaye viwanda vingi vilichanganya nikeli, manganizi na kobalti pamoja. Kwa hiyo betri nyingi zinazouzwa leo zina gramu chache za kobalti katika kila seli, na karibu asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka Kongo, hasa Lualaba na Haut-Katanga. Inaondoka ikiwa unga ambao haujasafishwa mpaka mwisho, sehemu kubwa inasafishwa China, halafu inarudi kwetu ndani ya sanduku la plastiki kwa bei ya dola. Mwezi wa 2 mwaka 2025 serikali ilifunga uuzaji wa kobalti inje kwa sababu bei ilikuwa imeanguka, kisha mwezi wa 10 ikaweka viwango vya kila kampuni. Safari hii ni Kinshasa iliyofunga mlango, si vita.

Hesabu ile ya seli inaweza kukuokolea pesa, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Seli ya lithiamu ya kawaida ina upana wa milimita 18 na urefu wa milimita 65. Inatoa volti 3.6, na ikijaa kabisa inafika 4.2. Ndani ya betri nyingi za mashine kuna seli 5 zilizofuatana: 5 mara 3.6 ni 18. Wamarekani huandika 20 kwa kuhesabu betri iliyojaa. Ni kitu kimoja, usilipe zaidi kwa ajili ya namba hiyo.

Lakini masokoni kuna betri zilizoandikwa 48V, 88V, hata 128V, na muuzaji atakuambia zina nguvu mara tano. Fanya hesabu. Volti 88 zinahitaji seli 24 hivi. Kila seli ina uzito wa karibu gramu 45, basi seli peke yake zingepita kilo 1. Ishike mkononi. Kama ni nyepesi kama kitabu cha shule, ndani mna seli 5 tu na namba ni rangi juu ya plastiki. Mwenye chombo cha kupimia volti atasoma 18 mpaka 21, basi. Kwa mtu aliyeuza mbuzi wake wa mwisho ili aanze kazi upya ugenini, udanganyifu huo ni wizi wa miezi mingi.

Na mulio katika mahema munisikilize hapa. Paneli ya jua inayoitwa ya volti 12 inaweza kutoa volti zaidi ya 20 jua likiwa kali. Usifunge waya zake moja kwa moja kwenye betri ya lithiamu. Hakuna kitu cha kuizuia ikijaa, na moto wake katika hema hauzimiki kwa shuka. Pitisha kwa regileta na inverta, kisha tumia shaje ya mashine yenyewe. Chaji mchana, mahali unapoiona, mbali na kitanda cha watoto. Betri iliyovimba, ao iliyopata moto bila kufanya kazi, iweke inje mbali na vitu vinavyowaka. Na kama hautaitumia kwa miezi, iache ikiwa na nusu ya chaji, kwa sababu lithiamu iliyoachwa tupu hufa, na shaje itakataa kuiamsha.