Kazi ya nishati safi huanzia jikoni

Kijana wa Pwani akiniuliza vipi ataingia katika uongozi wa mazingira na nishati, humwambia akatazame Thika na Ruiru kwanza, ndipo azitafute ofisi za Nairobi.

Thika kuna mtambo wa umeme wa megawati 87 unaochoma mafuta mazito. Sisi pia tunayo mitambo ya namna hiyo, Kipevu na Rabai. Ukirudi kuelekea Nairobi unafika Ruiru, kwenye kiwanda cha Burn kilichoasisiwa na Peter Scott. Hapo hutengenezwa Jikokoa, jiko la makaa lililoingia sokoni mwaka 2013.

Watafiti Susanna Berkouwer na Joshua Dean walilichunguza jiko hilo katika nyumba takriban 1,000 za Nairobi. Mwaka 2022 walichapisha matokeo: pesa za makaa zilipungua kwa asilimia 39. Mbona basi wengi hawakuwa nalo? Faida waliijua, ila pesa za kulipa kwa mkupuo hawakuwa nazo. Walipopewa mkopo, bei waliyokuwa tayari kulipa iliongezeka maradufu.

Hapo ndipo sera inapohitaji mtu wetu. Nyumba nyingi za Kiislamu Pwani hazigusi mkopo wenye riba. Nani atakaa mezani apange malipo ya kidogo kidogo yasiyo na riba, kama hakuna anayejua jiko la mama yake linavyokula makaa?

Njia zipo. Tangu kanuni za mwaka 2012, fundi wa sola lazima awe na leseni, ambayo sasa hutolewa na EPRA, mamlaka iliyoundwa na Sheria ya Nishati ya 2019. NEMA nayo husajili wataalamu wa kutathmini athari za miradi kwa mazingira.

Tathmini hiyo si karatasi tu. Tarehe 26 Juni 2019, Mahakama ya Rufaa za Mazingira ilifuta leseni ya mradi wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 Lamu, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Wenzetu wa Lamu walisimama kidete wakashinda. Mradi mwingine ukija, nataka anayeandika tathmini yake awe kijana wetu, na mwenye diploma kama mimi asijione mdogo kuanza.