Kuandika Ili Upone: Mwongozo wa Mchekeshaji Anayeanza

Jukwaani umevunja watu mbavu, lakini ukifika keja unaangalia dari mpaka asubuhi. Ukishajulikana mtaani kama msee wa kuchekesha, kuna mambo inakuwa noma kuambia mtu. Hapo ndipo buku na biro zinaingia.

Ni nini hasa?

Ni kuandika kinachokuuma bila kujali sarufi, wala kama kinachekesha. Mwaka wa 1986, wanasaikolojia wa Marekani James Pennebaker na Sandra Beall walichapisha utafiti wao. Wanafunzi wa chuo waliandika dakika 15 kwa siku, siku 4 mfululizo, kuhusu jambo lililowaumiza sana. Mara tu baada ya kuandika walijihisi vibaya zaidi. Lakini miezi iliyofuata, walioandika tukio pamoja na hisia zao walienda kliniki mara chache kuliko walioandika vitu vya kawaida. Kwa hivyo usishtuke ukimaliza ukiwa chini.

Nani ameifanya?

Njambi McGrath, Mkenya anayefanya komedi Uingereza, aliandika *Through the Leopard's Gaze*, kuhusu usiku aliotoroka akiwa na miaka 13 baada ya babake kumpiga karibu afe. Trevor Noah wa Afrika Kusini alitoa *Born a Crime* mwaka wa 2016. Humo anasimulia pia mamake alivyopigwa risasi na babake wa kambo, akapona.

Unaanzaje?

Kuwa na buku mbili. Ya kwanza ni yako pekee, ya pili ni ya jukwaa.

Kwa ya kwanza, usiandike tu "nilikuwa na stresi." Andika kilichotokea: mwenye ploti aliweka kufuli, mathe akajifanya anapigia mtu simu, na simu ilikuwa imezima.

Ikipita wiki kadhaa, soma tena. Ukiona kitu cha kuchekesha, kitoe peke yake. Hapa ni ile simu: mathe akibishana na simu iliyozima, hadi anaambia mtu ambaye hayupo, "Hebu ongea, sikusikii!" Hiyo ndiyo inaenda buku ya pili. Machozi yanabaki ya kwanza.

Utajuaje imeiva?

Jiulize: watu wasipocheka, itakuwaje? Ukihisi ni mzaha tu umekataa, panda jukwaani. Ukihisi wamekataa maisha yako, rudisha hiyo stori kwa buku ya kwanza. Bado ni kidonda.

Na kama stori ni ya mathe pia, muulize kwanza.

Chunga

Mashabiki walilipa wacheke, si wakutibu. Ukiandika na giza linazidi, weka biro chini, tafuta mshauri. Msalaba Mwekundu wa Kenya wana laini ya bure, 1199. Kupiga simu hakutakuondolea ucheshi. Shoo bado zitakuwepo, na wewe pia tunakutaka uwepo.