Umri wa Majabali ya Nassa na Umri wa Ziwa

NASSA, iliyoko kando ya Ghuba ya Speke mkoani Simiyu, imo katika kipande kikongwe cha ardhi ambacho wanajiolojia hukiita Kratoni ya Tanzania. Majabali ya itale yaliyotapakaa kusini mwa Ziwa Victoria yana umri wa miaka ipatayo bilioni 2.6. Ziwa lenyewe hukadiriwa kuwa na miaka 400,000 tu.

Umri wa jabali husomwa katika zirkoni, chembe ngumu zilizoganda pamoja na itale. Zirkoni inapojiumba hupokea urani na kuikataa risasi. Tangu hapo urani hugeuka kuwa risasi kwa mwendo usiobadilishwa na jua wala mvua: nusu ya urani-238 huisha katika miaka bilioni 4.47. Maabara hupima kiasi cha kila kimoja, kisha hukokotoa wakati jiwe lilipoganda. Jabali kujitokeza juu ya ardhi ni jambo jingine, kazi ya mmomonyoko wa baadaye sana.

Kaboni-14, ambayo wengi hudhani hupima kila kitu cha kale, haifai kwa mawe hayo. Hupima mabaki ya viumbe, tena yasiyozidi miaka 50,000 hivi.

Hata hivyo, ndiyo iliyofichua habari za ziwa. Mabomba yaliyozamishwa katika tope la chini yalileta udongo wa nchi kavu wenye vijizizi vya mimea. Vipimo vikaonyesha kwamba kati ya miaka 18,000 na 14,000 iliyopita ziwa lilikauka, yumkini zaidi ya mara moja. Wavuvi wa Nassa leo hutega nyavu juu ya nchi hiyo.