King'amuzi cha sebuleni

Usiku wa Desemba 31, 2012, mitambo ya runinga ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam, neno king'amuzi lilikuwa limeshaingia midomoni mwa watu. Limeundwa vizuri: ng'amua hutoa king'amuzi, kama amua inavyotoa mwamuzi. Kung'amua ni kutambua kilichojificha, na ndiyo kazi hasa ya kisanduku kile cha kupokelea matangazo ya dijitali.

Je, kompyuta ndogo iliyochomekwa kwenye runinga sebuleni nayo ni king'amuzi? Ni king'amuzi kamili. Filamu huhifadhiwa ikiwa imebanwa, mara nyingi kwa mfumo wa H.265 uliopitishwa mwaka 2013, na lazima ifumuliwe picha kwa picha. Chipu ya michoro inayoujua mfumo huo huifumua bila kutoa jasho. Isipoujua, mzigo wote huangukia prosesa: joto linapanda, feni inavuma, picha inakatakata mhusika akiwa katikati ya sentensi. Hapo ndipo anayenunua kompyuta ya mtumba anapopaswa kuangalia kwanza, kabla ya ukubwa wa diski.

Mengine ni mepesi. Waya wa HDMI hubeba picha na sauti pamoja. Programu ya bure ya Kodi, iliyoitwa XBMC hadi 2014, hupanga filamu na kuendeshwa kwa rimoti. Umeme ukikatika ovyo, diski isiyozunguka na betri ya akiba ni vya lazima.

Mafundi wengi huiita "kompyuta ya tivii". Jina la king'amuzi linaifaa zaidi.