Mnyororo

Fundi wa mitambo akisema "mnyororo umelegea", usifikirie baiskeli. Anataja ule mkanda wa vyuma unaozunguka rola za katapila ili lipite kwenye tope bila kuzama. Ukilika, si mabamba tu yaliyoisha: pini na bushi zimepungua unene, kila kiungo kimepata nafasi, na mnyororo mzima umerefuka hadi unaruka meno. Kwa baadhi ya mitambo, fundi hodari hakimbilii kununua mpya. Huzisukuma pini kwa presi, akazigeuza nusu mzunguko pamoja na bushi zake, upande usiolika ukabeba mzigo. Ni kazi nzito, nami naiheshimu sana.

Mkoa wa Tabora una historia na vyuma hivi. Urambo ilikuwa kituo kimojawapo cha mradi wa karanga wa Waingereza, pamoja na Kongwa na Nachingwea, ulioanza 1947 na kuvunjwa 1951. Kati ya mitambo ya mradi huo ilikuwamo Shervick, trekta lililoundwa kutokana na vifaru vya Sherman vya vita.

Ila neno lilifika kabla ya trekta. Kwenye njia ya misafara, kutoka Ujiji kupitia Tabora hadi Bagamoyo, mnyororo ulikaa shingoni mwa watu waliouzwa. Kwa hiyo sikubaliani na wanaotaka tuseme "treki" badala yake. Neno tunalo, na kamusi iziandike maana zote mbili, ile ya utumwa ikitangulia.